BULABO SI YA AKINA BABA PEKE YAO



Juni inakaribia, watu wameanza kuulizana habari za safari ya Bujora. Na maneno yaleyale yameanza tena kilabuni na pale kwenye mizani ya pamba. Ati safari ni ya wanaume. Akina mama wabaki wachume pamba, watoto wabaki na ng'ombe. Maneno haya tunayapinga, na tunayapinga hapa ubaoni ili kila mtu ayasome.

Hebu tuulizane. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ni ya nani? Wapo wanaosema ni ya Wazungu, kwa kuwa aliyeyaanzisha ni Padre David Clement, mtu wa Kanada. Padre ni kweli. Lakini ngoma zilizomo zilitoka Kanada? Zilitoka kwa watemi wa Usukuma. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na vitu vya namna hii visipotunzwa vinaliwa na mchwa au vinauzwa. Zimewekwa kwenye banda lililojengwa mfano wa kiti cha mtemi. Mtalii atapiga picha aende zake. Mtoto wa hapa huenda anatazama ngoma iliyomwita babu wa babu yake, naye tunamwacha machungani!

Wengine wanasema huko ni ushirikina. Mbona Bulabo yenyewe inaanzia kwenye sikukuu ya Ekaristi, na kanisa la Bujora limejengwa mfano wa nyumba ya msonge? Anayeogopa aende akaone kwanza, ndipo aseme.

Sasa tuje kwenye hilo la akina mama. Mwaka jana gari lilijaa wanaume watupu. Nusu yao hawakukanyaga ndani ya makumbusho, walikwenda kwenye pombe moja kwa moja, na waliporudi hawakuwa na la kusimulia. Pale kuna nyumba ya Msukuma na vyombo vyake vya zamani. Nani atamweleza mtoto namna ya kusaga mtama kwa jiwe? Baba ambaye hajalishika hata siku moja? Bibi mmoja wa hapa kijijini akisimama mbele ya jiwe la kusagia anaweza kufundisha mpaka jua lizame, na wala hatadai posho.

Na pamba? Pamba hiyohiyo hulala ghalani wiki nzima ikingoja kupimwa, hatusikii mtu analia. Leo siku moja ya watoto imekuwa hasara kubwa. Haya.

Tena mjue Bagika na Bagalu wanashindana vipi. Kwa desturi makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji hukimbilia lile linalowapendeza. Lenye watu wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo mtazamaji naye ni mshindani, hata mama mwenye mtoto mgongoni, hata mtoto wa darasa la kwanza. Bugobogobo, ngoma ya jembe, vijana wetu siku hizi wanaiona kwenye simu tu. Wanadhani ni mchezo wa jukwaani. Hawajui kwamba watu walikuwa wakilima kweli, ngoma ikawapa nguvu wamalize shamba.

Sisi wa kisomo cha watu wazima, wengine tulishika kalamu tukiwa tayari na wajukuu. Tunajua kujifunza kwa kuchelewa kunavyouma. Wazee wanaojua majina ya vitu vile wanazidi kupungua kila mwaka. Watoto watamwuliza nani?

Kwa hiyo tunataka mkutano wa ushirika upitishe hivi: nafasi za gari zigawiwe kwa kaya, siyo kwa mtu mmoja mmoja. Mama, baba na watoto, na kila kitongoji kitoe mzee mmoja wa kueleza. Baba anayetaka kwenda peke yake ajilipie nauli yake mwenyewe. Majina yaandikwe kwa mweka hazina kabla ya Jumamosi. Atakayepinga aje aseme mkutanoni, siyo kilabuni.

Katibu