Anayefichua wizi serikalini alindiwe mshahara wake

David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeajiriwa mwaka 1991. Kazi yake ilimkutanisha na karatasi za fidia waliyokuwa wakilipwa wauzaji wa bidhaa nje ya nchi. Kampuni moja, Goldenberg International, ilikuwa ikilipwa asilimia 35 juu ya thamani ya dhahabu na almasi iliyodai kuuza ng'ambo. Kenya haichimbi almasi, na dhahabu yake ya wakati ule ilikuwa haba mno ikilinganishwa na malipo yale. Nakala za karatasi hizo zikawafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 suala hilo likatua Bungeni.

Aliyekamatwa mapema ni karani.

Alifunguliwa mashtaka chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Hakupatikana na hatia, ila kazi ilikuwa imekwenda. Akahamia Mombasa, akasilimu, akaoa, na baadaye akarudi kwao Narok. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki aliunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire kuchunguza kashfa hiyo, na Munyakei akaitwa kueleza aliyoyaona. Shirika la Transparency International lilimtunuku tuzo ya uadilifu mwaka 2004. Alifariki Julai 2006, hajafika miaka 40, na hadi siku hiyo Benki Kuu haikuwa imemrudisha kazini.

Kisa hiki kinasimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa, na ushujaa ulikuwepo kweli. Lakini kilichomvunja Munyakei ni jambo la kawaida kabisa: mshahara ulikoma. Mtumishi wa umma anayeona ankara ya uongo mezani pake hufikiria kodi ya nyumba, karo ya watoto na mkopo wa chama cha ushirika kabla hajafikiria wauaji. Sheria yoyote ya kumlinda isiyoanzia hapo inamlinda mtu mwingine.

Kenya ya leo si ya mwaka 1993. Kifungu cha 236 cha Katiba ya 2010 kinakataza afisa wa umma kuonewa kwa kutimiza wajibu wake kisheria, au kufutwa kazi bila utaratibu wa haki. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtaka mwenye nafasi ya mamlaka kuripoti hongo ndani ya saa 24, na inafanya kuwa kosa kumshusha cheo, kumhamisha au kumtisha aliyeripoti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka huo huo nayo inamkinga anayetoa habari kwa manufaa ya umma.

Kwenye karatasi, ulinzi upo. Ofisini mambo huenda vingine. Hakuna mkubwa anayeandika kwamba anamhamisha mtu kwa sababu ameripoti wizi. Barua husema uhamisho ni kwa mahitaji ya kazi. Ikifuata ya pili, humtaka ajieleze kwa nini alichelewa siku fulani, na ya tatu humsimamisha ili kupisha uchunguzi ambao hauna tarehe ya mwisho. Mwenye barua hizo hulazimika kwenda mahakama ya leba kuunganisha tukio na tukio, wakati faili zote zenye ushahidi zimebaki kwa mwajiri.

Kwa zaidi ya miaka 10 mswada mmoja wa kuwalinda wafichuzi umekuwa ukiandikwa na kuandikwa upya. Ukitaka kumfaa karani, uweke mambo mawili. Mtumishi akiadhibiwa baada ya kuripoti, mwajiri ndiye athibitishe kwamba adhabu haina uhusiano na ripoti. Na mshahara uendelee kulipwa hadi kesi iamuliwe.

Majirani wametangulia. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2010, na inampa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Wanaoipinga zawadi ya Uganda wanasema italeta fitina kazini. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na anayesema uongo kwa makusudi anastahili adhabu, bali aliyekosea kwa nia njema asiguswe. Ila asilimia 5 hulipwa fedha zikishaokolewa, na kesi za wizi wa umma hudumu miaka. Mwenye nyumba hasubiri.

Mshahara nao si kila kitu. Afrika Kusini ina sheria ya kuwalinda wafanyakazi wanaofichua maovu tangu mwaka 2000. Haikumwokoa Babita Deokaran, afisa wa fedha katika idara ya afya ya jimbo la Gauteng, aliyetilia shaka malipo ya hospitali ya Tembisa. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg mnamo Agosti 2021, baada ya kumpeleka mtoto shule. Wanaume sita walihukumiwa mwaka 2023. Hivyo Wakala wa Kulinda Mashahidi wa Kenya upewe uwezo wa kumchukua mfichuzi tangu siku anapopeleka taarifa, bila kungoja aitwe kizimbani.

John Githongo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa utawala bora na maadili, alijiuzulu akiwa Uingereza mwaka 2005, na baadaye akaianika kutoka huko kashfa ya kandarasi hewa za serikali ya Kenya iitwayo Anglo Leasing. Alikuwa na cheo, jina na mahali pa kukimbilia. Karani wa kaunti hana hata kimoja. Wabunge wanapoupitia mswada, kila kifungu wakipime kwa karani huyo: ofisi imemfungia mlango leo, na mwisho wa mwezi uko wiki mbili mbele.