Karani akila, nani alipe?

Mama mmoja wa Ng'ambo, Tabora, atuuliza: wafadhili wakituma fedha kwa ajili ya maskini, na karani akazila, je, serikali yadaiwa, au karani peke yake? Asema yeye na mumewe wanabishana tangu Jumapili. Mume ashikilia kwamba serikali haikuiba, basi haidaiwi.

Baba, utuwie radhi, safari hii mama ana haki.

Wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Tuseme umenikabidhi mimi mzigo wako, nami nikamtwika mpagazi wangu, naye akauuza njiani. Utamdai nani? Mpagazi humjui. Ulinikabidhi mimi. Sharti nikulipe kwanza, kisha nimtafute mpagazi wangu.

Huko Marekani neno hili limo katika sheria. Serikali kuu huyapa majimbo fedha za kuendesha ofisi zinazowahudumia watu waliokosa kazi. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 1939, jimbo lazima lirudishe fedha zilizopotea au kutumiwa kwa mambo mengine. Haiulizwi kwanza kama ziliibwa au zilipotea kwa uzembe. Zimepungua, basi zirudi.

Jirani zetu wa Uganda waliyaona haya. Ireland, Norway, Sweden na Denmark zilitoa fedha za kuijenga upya Uganda ya kaskazini baada ya miaka mingi ya vita. Mwezi wa Oktoba 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi ile alitoa taarifa kwamba fedha nyingi, karibu euro milioni 12, zilipotoshwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Wafadhili wakafunga mfuko. Serikali ya Uganda haikusema, "Mdaini mhasibu." Mwanzoni mwa mwaka 2013 Ireland ilikwisha rudishiwa euro zake milioni 4. Mhasibu mkuu wa ofisi ile alihukumiwa kifungo mwaka huohuo.

Hapo ndipo penye uchungu. Zile milioni 4 zilitoka wapi? Katika hazina, yaani katika kodi. Na mjane wa Gulu, aliyekusudiwa kusaidiwa, naye hununua sabuni, naye hulipa kodi. Karani alimnyang'anya msaada, kisha deni likalipwa kwa senti zake pia! Ireland ilipata haki yake, wala hatuilaumu. Lakini serikali iliyokwisha lipa haijamaliza kazi. Yapasa imfuate mwizi hata kwenye nyumba na magari yake, kwani gerezani mtu hula chakula cha serikali, hajazi hazina. Zakayo hakutubu kwa maneno tu, alitoa mali. Na amri ya saba, kama watoto wanavyojifunza katika katekisimu, yadai kurudisha.

Kwetu Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa yake kila mwaka, na redio huitangaza. Lakini ninyi wa vijijini mna mkutano mkuu wa kijiji, ambao wapasa kukaa kila miezi mitatu. Msiuache kwa wanaume wawili watatu na mwenyekiti. Mwombeni mtendaji asome mapato na matumizi kwa tarakimu, si kwa jumla jumla, na palipo na pengo mwulize ni nani atakayelijaza, na lini.

Na mama wa Ng'ambo atuandikie tena, atuambie kama baba amekubali.