Ulevi wa Mwanafunzi Mmoja Ni Mzigo wa Chumba Kizima

Tunaposikia habari za ulevi na dawa za kulevya vyuoni, twamfikiria yule anayetumia tu. Lakini bwenini huishi wanne, pengine sita, katika chumba kimoja. Mmoja akirudi usiku wa manane amelewa, wenzake ndio wanaoamshwa, wanaosafisha matapishi, na wanaoingia kwenye mtihani asubuhi bila usingizi. Fedha za bumu, yaani mkopo wa kujikimu, zikimwishia kwa pombe na bangi, wao ndio wanaomlisha hadi mwisho wa muhula.

Nao hunyamaza. Wanaogopa kwamba atafukuzwa chuo, tena wanaogopa hasira za wazazi wake. Kimya hicho chaweza kuua. Aliyelewa chakari hulazwa chali ili pombe imtoke. Akitapika, matapishi huziba njia ya hewa. Kahawa na maji ya baridi havisaidii, kwani ini huondoa pombe polepole, kwa mwendo wake. Mtu huyo alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, na kama haamki au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Hali kadhalika aliyetumia heroini, maana huweza kusimamisha pumzi.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ilikuwa hatua njema, lakini sheria haiingii bwenini saa nane za usiku. Aliye karibu saa hiyo ni mwenzake wa chumba.

Kwa maoni yangu, sisi wazazi tuna wajibu wa kukivunja kimya hicho. Mwanao akija likizo, usimwulize matokeo tu. Mwulize na habari za wenzake wa chumbani. Mwambie waziwazi kwamba kumpeleka mwenzake kwa mshauri wa wanafunzi, kwa padre mlezi wa chuo au hospitalini si kumsaliti. Na kama anayesemwa ni mtoto wako, usianze na matusi wala kumfukuza nyumbani. Uraibu ni ugonjwa unaotibika: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011. Kijana akijua kwamba nyumbani atapokelewa, rafiki zake hawatakuwa na sababu ya kumficha.