Mizani ya Kura

Mwenye duka akikupimia nusu kilo ya sukari akakutoza bei ya kilo nzima, hutanyamaza. Utamrudishia mfuko wake, utamtazama usoni na kumwambia kuwa mizani yake ina hila. Na wapita njia watakuunga mkono, maana hakuna aliye mjinga wa jambo la mizani. Lakini ipo mizani moja kubwa kuliko ya dukani ambayo kila baada ya miaka mitano humpunja mkaazi wa Kitengela, wa Ongata Rongai na wa Ngong mchana kweupe, naye huondoka kituoni kwa furaha akionyesha kidole chenye wino. Mizani hiyo ni mipaka ya uchaguzi. Nataka kusema nawe juu yake, msomaji, kwa kuwa si muda mrefu utatimiza miaka 18, nawe utatiwa katika mizani hiyo hiyo.

Twende kwanza kwa hesabu, maana hesabu haina kabila wala chama. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika Kenya. Katiba ya mwaka 2010 imeweka maeneo bunge 290. Gawanya, utaona kuwa mbunge mmoja angestahili kusema kwa niaba ya watu 164,000 hivi. Kaunti ya Kajiado ilikutwa na watu 1,117,840, nayo ina maeneo bunge matano tu: Kaskazini, Kati, Mashariki, Magharibi na Kusini. Kila mbunge wa hapo amebebeshwa, kwa wastani, watu zaidi ya 223,000. Kama haki ingefuata hesabu, Kajiado ingekaribia kuwa na wabunge saba.

Na wastani huo unaficha ubaya ulio mkubwa zaidi. Kajiado Kaskazini, penye Ngong na Ongata Rongai, ilihesabiwa kuwa na watu 306,596. Lamu Mashariki, yaani Faza, Kiunga na Basuba, ilihesabiwa kuwa na watu 22,258. Kila upande una mbunge mmoja, na bungeni kura ya mmoja ni sawa na kura ya mwenziwe. Basi mtu mmoja wa Faza ana uzito karibu wa watu 14 wa Ongata Rongai. Simwonei kijicho mtu wa Faza. Najua ana bahari ya kuvuka na njia ngumu, na mbunge wake hutumia siku nzima ndani ya mashua ambako mwenziwe wa Ngong angetumia saa moja ndani ya gari. Katiba yenyewe imeona jambo hilo, ikaruhusu idadi ya watu izidi wastani au ipungue kwa asilimia 40 katika majiji na katika nchi zenye watu wachache waliotawanyika, na kwa asilimia 30 mahali pengine. Huo ni upole wa kutosha. Lakini Lamu Mashariki imepungua kwa asilimia 86, na Kajiado Kaskazini imezidi kwa asilimia 87. Hapo hapana upole tena. Pana mizani iliyovunjika.

Wazee wetu waliwahi kupimwa kwa mizani ya namna hii, nao hawakuikubali. Mwezi wa Machi mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Bonde la Ufa lote lilipata kiti kimoja, akakikalia Daniel arap Moi. Wala kura haikuwa ya kila mtu: mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake na utumishi wake, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa hata kura tatu, hali jirani yake hakupata hata moja. Tom Mboya na wenzake waliingia barazani kwa mlango huo mwembamba, kisha wakageuka wakaushambulia. Walidai kila mtu mzima awe na kura moja, na kila kura iwe sawa na nyingine. Leo hatumpi mtu karatasi tatu mkononi. Lakini tukimweka mmoja katika eneo la watu 22,000 na mwingine katika eneo la watu 306,000, tumemrudisha yule mpimaji wa mwaka 1957 kwa mlango wa nyuma, tena safari hii hatazami hata elimu.

Labda utasema: mbunge ni mbunge, mimi nitapungukiwa nini? Utapungukiwa darasa. Sheria ya mwaka 2015 ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ilielekeza fedha zigawiwe sawasawa kwa maeneo yote 290, na katika fedha hizo ndimo zilimotoka karo za wanafunzi wasiojiweza na mabati ya madarasa mengi. Fungu likiwa moja, watoto wakawa mara 14, kila mtoto atapata nini? Tazama pia wadi. Kenya ina wadi 1,450, kwa hiyo wastani wa wadi ni watu 33,000 hivi. Mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu 154,436 mwaka 2019. Mji huo ungejaza wadi nne ukabakiza watu. Lakini ukiitazama orodha ya wadi za Kajiado Mashariki utaona jina la Kitengela mara moja tu, na watu wa mji waliofurika nje ya mpaka wake wamemwagikia wadi za jirani zilizokatwa kabla nyumba zao hazijajengwa.

Sasa nafika kwenye neno gumu, nami sitalikwepa. Wako watu wa Kajiado wasiotaka mizani hii itengenezwe. Husema kuwa kuongeza viti vya miji ni kuwapa wageni nchi, na kwamba Mmaasai, aliyekwisha kupoteza malisho, atapoteza na sauti. Wewe uliyezaliwa katika nyumba za kupanga za Kitengela usiwacheke. Hofu yao ina tarehe. Mwaka 1904 Wamaasai walitia sahihi mapatano ya kuondoka katika malisho ya Bonde la Ufa, wakaahidiwa kuwa mapatano yatadumu muda wote watakapokuwapo duniani. Hayakudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 yakaja mengine, wakahamishwa kutoka Laikipia kwenda kusini. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani kwa amani, na mahakama ikawajibu kuwa haina mamlaka ya kuyaamua mapatano ya namna hiyo. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za makundi. Wanakundi walichagua wawakilishi wasiopungua watatu wala kuzidi kumi, na hao wakashika ardhi kwa niaba ya wote. Wapo waliowakilisha kwa uaminifu, na wapo waliojiwakilisha wenyewe. Katika miaka ya 1980 ranchi za Kaputiei zilianza kukatwa vipande vya mtu mmoja mmoja, vipande vikauzwa, ua zikajengwa, na leo hata nyumbu wa Mbuga ya Nairobi hajui apite wapi kwenda kusini. Mtu aliyeona hayo yote akikuambia kwamba anaogopa mistari mipya katika ramani, mpe heshima ya kumsikiliza.

Msikilize, kisha umjibu. Mwambie hivi: Mzee, unalinda mpaka unaokudhuru. Eneo bunge la Kajiado Mashariki lina wadi tano: Kitengela, Kaputiei Kaskazini, Oloosirkon/Sholinke, Kenyawa-Poka na Imaroro. Mfugaji wa Imaroro, ambaye shida yake ni ukame, kisima na njia ya mifugo, amefungwa katika kamba moja na mji ambao shida yake ni maji taka, msongamano wa magari na shule zilizojaa. Mji huo unaongezeka kila mwezi. Imaroro haiongezeki hivyo. Ukiuacha mpaka ulivyo, siku itafika ambapo mgombea atashinda uchaguzi bila kukanyaga Mashuuru, kwa kuwa kura zake zote atazipata baina ya maduka ya barabara ya Namanga. Siku hiyo nani atakuwa amemeza sauti ya nani? Bali ukikata mpaka, mji ukapata mbunge wake na nchi ya malisho ikapata wake, mfugaji atasimamiwa na mtu anayemhitaji. Katiba imewaagiza wakataji wa mipaka watazame miji, maslahi ya pamoja ya jamii, historia na njia za mawasiliano. Ni kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya Kajiado.

Nina ugomvi na wenyeji wa mji vilevile, pengine mkubwa zaidi. Wengi wamekaa Kitengela miaka kumi au ishirini. Wamejenga, wameoa, wamezika. Hununua maji ya magari kila wiki na kumlaani diwani, kama wanavyopenda bado kumwita mwakilishi wa wadi. Uchaguzi ukifika, hupanda basi kwenda kupiga kura katika kijiji walichokiacha, kwa kuwa huko ndiko walikojiandikisha, na huko ndiko wanakokuita nyumbani. Sheria haiwakatazi. Akili ndiyo ingewakataza. Sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku ule, kwa hiyo wao wanaongezwa katika uzito wa Kajiado. Lakini kura yao wameipeleka kuchagua mtu ambaye hatawatengenezea mfereji hata mmoja. Mwanasiasa wa hapa anawajua. Anajua kuwa nusu ya kelele za mtaani hazina kadi ya kura, basi hulala usingizi. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo kwa nini haandikishwi anapoishi, atakuambia, "Mimi hapa ni mgeni tu." Mwanawe aliyezaliwa hapa, anayesoma hapa, yeye ni nani?

Waliokabidhiwa kisu cha kukata mipaka wamechelewa. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya muda usiopungua miaka 8 wala kuzidi miaka 12. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2012, na hata hapo maeneo bunge 27 yasiyotimiza kiwango yaliachwa yalivyo kwa sharti la kipindi cha mpito. Miaka 12 iliisha Machi 2024. Kazi haikuwa imefanywa. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa hata na makamishna: wa mwisho waliondoka Januari 2023, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Nchi ilikaa miaka miwili na nusu bila wapimaji, na viongozi waliokuwa wakivutana juu ya uteuzi wao wengi walikuwa wamekalia viti ambavyo mizani mpya ingeweza kuviondoa. Sisemi kwamba walikusudia. Nasema hawakuwa na haraka. Na Katiba imesema kwamba mipaka ikikamilishwa katika muda wa miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, haitatumika katika uchaguzi huo. Kwa hiyo mwaka mmoja ukipotezwa, uwakilishi wa miaka mitano umepotea pamoja nao.

Chukua basi ramani ya Kajiado Mashariki, uibandike ukutani mwa darasa. Anzia Kitengela, ufuate barabara ya Namanga mpaka Isinya, kisha utazame mashariki kuelekea Mashuuru. Andika idadi ya watu: Isinya 210,473, Mashuuru 64,214. Shika kalamu, na mwenzako aliyetoka katika boma la wafugaji ashike ya kwake, mjaribu kukata mpaka ambao nyote wawili mnaweza kuutia sahihi.