Kipenyo cha Bomba

Muhula uliopita mhadhiri alitupa zoezi la kusanifu bomba la gesi: presha, kipenyo, unene wa chuma, nafasi za vali. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Gesi itashushwa wapi njiani, na nani ataitumia?" Akasema hilo tuwaachie wanasiasa. Darasa likacheka. Mimi ni wa Mtwara, sikucheka.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Miaka 30 baadaye ukaja mradi wa bomba la inchi 36 kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Desemba 2012 watu wakaandamana Mtwara mjini wakisema gesi haitoki. Mei 22, 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ukawaka moto. Jeshi likaingia, watu wakafa. Oktoba 2015 bomba likazinduliwa.

Tangu hapo tunaambiwa kwamba tatizo lilikuwa elimu: wananchi wangeelimishwa, wangetulia. Nakataa. Waliuliza swali la kihandisi kabisa. Je, gesi ichomwe Mtwara na umeme usafirishwe kwa nyaya, au isafirishwe gesi yenyewe ikachomwe Dar? Ajira na viwanda hufuata pale inapochomwa. Huenda hesabu ingetoa jibu lile lile, maana Dar ndiko kwenye mitambo na wateja. Lakini hesabu hiyo ilipaswa kufanyika mbele ya wenye swali. Wao wakapewa mabomu ya machozi.

Tazama kiwanda cha saruji cha Dangote. Kilizinduliwa Mtwara mwaka huo huo wa 2015, kikawa kinaendesha majenereta ya dizeli ilhali gesi iko jirani. Gesi ilikifikia mwaka 2018. Hapo nani hakuelimishwa?

Mtwara tumeyaona haya zamani. Bandari yetu na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga zao, bila kumuuliza mkulima kama ardhi ile inazikubali. Mradi ukafa mwaka 1951. Reli ikaja kung'olewa.

Mtaniambia tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na wananchi husikilizwa. Husikilizwa lini? Mara nyingi kipenyo kimeshachaguliwa na njia imeshachorwa. Kinachobaki kujadiliwa ni fidia ya mikorosho.

Wahandisi wenzangu, tuache kujificha nyuma ya wanasiasa. Ukichagua kipenyo, umeshachagua kiasi gani kitaondoka. Ukiacha kuweka toleo mahali, umeshaamua nani atalitazama bomba likimpita. Maamuzi hayo yana saini zetu. Basi swali la nani atanufaika likae ukurasa wa kwanza wa usanifu, pamoja na presha, na lijibiwe na watu wa Msimbati na Madimba kabla hatujachora mstari wowote.

Na mwalimu wangu, kwa heshima zote, bado nasubiri jibu: inashushwa wapi?