Msitulaumu sisi, fungeni mlango wenu

Hivi jamani, mmeshahesabu yale matangazo ya "jihadharini na matapeli wa barua pepe"? Mimi yamenichosha. Kila siku anayeambiwa awe macho ni mpokeaji. Mwenye domeni haulizwi kitu.

SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe, aliuandika Jon Postel mwaka 1982, na haukumdai mtumaji kitambulisho. Ndiyo maana tapeli popote alipo anaweza kuandika jina la ofisi yako kwenye bahasha, na barua ikafika.

Dawa ipo, tena ya bure. SPF ni mstari mmoja tu kwenye DNS, unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM inaitia barua sahihi. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikifeli: aipitishe, aitupe kwenye taka, au aikatae.

Sasa kinachoniudhi. Ofisi inaweka p=none halafu inaondoka. Kwa wiki chache za kusoma ripoti, sawa. Lakini miaka? Ni kuajiri mlinzi aandike majina ya wezi wanaopita, asimzuie hata mmoja.

Rafiki yangu aliitwa kwenye usaili kwa barua pepe. Anwani ya mtumaji ilikuwa ya ofisi halisi, herufi kwa herufi. Akaombwa "ada ya fomu", akalipa. Alipokwenda kulalamika akaambiwa angekuwa makini. Makini na nini, wakati anwani ni yao?

Najua mtanijibu: tapeli naye anaweza kununua domeni yake na kuiwekea SPF. Kweli kabisa, taka haitaisha. Ila atatumia jina lake, na jina lake tunaweza kulifungia. Jina lako hatuwezi.

Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwadai watumaji wakubwa vyote vitatu. Kwa Gmail ni wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku. Ghafla watu wa masoko wakajua DNS ni nini! Kumbe ilikuwa inawezekana.

Na zile domeni zenu zisizotuma barua kabisa? Ziandikieni v=spf1 -all. Dakika tano.

Kesho muulize fundi wa kompyuta ofisini kwenu DMARC yenu inasemaje. Akijibu "none", muulize tangu lini.