Abbas bin Firnas, Mshairi Aliyejivika Mabawa



Wapenzi wasomaji, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii twaisema sana majumbani, ila mtoto anapoharibu kitu katika kujaribu jambo, mara nyingi kicheko humfikia kabla ya methali. Juma hili na tumtazame mtu aliyechekwa, na mshairi aliyemcheka akawa ndiye shahidi wake.

Abbas bin Firnas alizaliwa Ronda, katika Andalusi, ambako leo ni kusini mwa Uhispania. Asili yake ilikuwa Mberberi. Aliishi Córdoba, mji wa maamiri wa Bani Umayya, na huko akafariki mwaka 887. Barazani kwa maamiri alijulikana kwa ushairi. Kitabu cha Al-Khalil bin Ahmad kuhusu arudhi, elimu ya kupima bahari za mashairi, kilipofika Andalusi, yasimuliwa kwamba Abbas ndiye aliyeweza kukifumbua. Maneno hayo mawili, arudhi na bahari, washairi wetu wa pwani wayatumia hadi leo.

Hakutosheka na kalamu. Alibuni njia ya kutengeneza kioo kwa mawe, akaunda saa ya maji, na nyumbani kwake akafanya mfano wa mbingu, wenye nyota, mawingu, umeme na radi. Kisha akajivika manyoya, akajifunga mabawa mawili, akajirusha kutoka mahali pa juu. Akaelea hewani masafa kadhaa, lakini katika kutua akaumia mgongo. Wasimulizi wakaitaja sababu: ndege hutua kwa msaada wa mkia, na Abbas hakujifanyia mkia.

Mwanahistoria Al-Maqqari, aliyefariki mwaka 1632, ndiye aliyetuhifadhia kisa hiki, zaidi ya karne saba baada ya Abbas. Ushahidi wa zama zenyewe ni ubeti wa Mu'min bin Said, mshairi wa Córdoba aliyezoea kumkejeli. Ubeti huo wamtaja Abbas akiruka katika manyoya ya tai. Shairi la Abbas mwenyewe juu ya safari yake halikutufikia. Twamjua kwa ulimi wa hasimu.

Wapo walioishia kwenye anguko, na wapo waliouliza kilichopungua. Hao wa pili ndio waliotuachia elimu, kwani kila ndege ya leo yahitaji namna ya kujiweka sawa inapotua. Hata Sura ya Al-Mulk, aya ya 19, yatuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu, na kutazama vyema ni pamoja na kuuona mkia.

Sisemi tuwaachie watoto wapande mapaa. Nasema binti akiunguza mkate wake wa kwanza, au kijana akiifungua redio ikashindwa kufungika, tusianze na dhihaka. Tuketi naye, tumuulize: hapa umesahau nini? Swali hilo laweza kumrudisha kazini, ilhali kicheko chaweza kumfungia mlango kwa miaka.

Mwaka 1976 shimo moja la mwezini lilipewa jina la Ibn Firnas, na mwaka 2011 Córdoba ikafungua daraja lenye jina hilo juu ya mto Guadalquivir, uliokuwa ukiitwa kwa Kiarabu Al-Wadi al-Kabir.

Wabillahi tawfiq.